Dola Moja ya Dhahabu

Katika maisha yangu yote nimepata kumiliki sarafu moja tu ya dhahabu, na sarafu hiyo niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa nia njema. Nimeona yafaa kuandika habari zake kwa ajili yenu vijana mlio shuleni, si kwa sababu dhahabu ni jambo kubwa, bali kwa sababu hasara ile ilinifunza jambo ambalo kitabu kilikuwa kimekwisha kunieleza nami sikulisikia. Jambo lenyewe ni hili: kupima ubora wa kitu ni kutoa ushahidi juu yake, na shahidi hana ruhusa ya kuchagua nusu ya kweli akaiacha nusu nyingine.

Mimi ni mzaliwa wa Lokiriama, katika Turkana ya magharibi. Mtu atokaye Lodwar akashika njia ya magharibi hupita Lorugum, akaendelea katika nchi ya migunga na mawe hata akakaribia mpaka wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka huo wako jirani zetu Wamatheniko, na mji mkubwa wa upande ule ni Moroto. Katika utoto wangu mali ilikuwa na miguu: mbuzi, ng'ombe, ngamia na punda. Fedha tuliiona kwa nadra, na tulipoiona, mara nyingine ilikuwa imening'inia shingoni mwa mtu.

Sarafu ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya nyanya yangu. Ilikuwa senti kumi ya zamani ya Afrika ya Mashariki, ile yenye tundu katikati, naye alikuwa ameitunga pamoja na shanga zake. Maandishi yake yalikuwa yamelika yakawa kama kovu lililopona. Siku moja nilimwuliza ingeweza kununua nini. Alicheka, akaniambia kwamba babu aliileta kutoka Lodwar siku aliyouza fahali wake wa kwanza, na tangu siku hiyo haikununua kitu, wala haitanunua. Nyanya hakujua kusoma, lakini alikuwa na sarafu ya ukumbusho miaka mingi kabla mimi sijajua kwamba ziko sarafu zifuliwazo makusudi kwa kazi hiyo.

Nilipokuwa mchunga mbuzi wa miaka kama kumi, mwezi wa Desemba mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko walikutana Lokiriama wakapatana kuacha vita vya kunyang'anyana mifugo, vita vilivyokuwa vimewaua watu wa pande zote mbili. Silaha zilizikwa ardhini kuwa alama ya kuuzika uadui. Sisi watoto tulikuwa mbali na mifugo yetu, na mambo hayo tuliyajua kwa kusimuliwa na wakubwa jioni. Hapakufuliwa sarafu ya kuikumbuka siku ile. Chuma kilitiwa ardhini, hakikutolewa. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa nchi mbili wamekuwa wakikusanyika tena Lokiriama kuyakumbuka mapatano yale, na wazee wakisimama kusema waliyoyaona. Nawaomba mlishike jambo hili, maana nitalirudia.

Nilisoma, nikawa mwalimu mjini Lodwar. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, watu wa mataifa mengi walifika kufanya kazi huko, na baadhi yao walitaka kujifunza lugha yetu. Mmoja alikuwa mzee wa Kimarekani, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, ambaye nilimfundisha Kiturkana nyakati za likizo kwa muda wa miaka miwili. Alipokaribia kurudi kwao alinipa bahasha, na ndani yake mlikuwa na kitabu chembamba na sarafu isiyozidi ukucha wa kidole gumba changu.

"Mwalimu," aliniambia, "nyanya yangu aliinunua sarafu hii katika maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904. Aliivaa kifuani kama bizimu. Lakini nataka ujue kwamba ina kasoro. Tazama hapa ukingoni, kuna alama ya lehemu mahali pini ilipokuwa imeshikizwa. Ukitaka kuiuza siku moja, mwonyeshe mnunuzi."

Nilistaajabu. Mtu ampa mwenziwe zawadi, naye aanza kwa kumwonyesha aibu ya zawadi hiyo! Kwetu mtu akikupa mbuzi, wewe ndiwe utakayegundua kuwa ana jicho moja. Nilimshukuru, nikaifunga sarafu katika kitambaa, na usiku ule nikaanza kukisoma kitabu kwa taa ya mafuta.

Humo nilisoma kwamba kati ya miaka 1903 na 1926 serikali ya Marekani ilifua sarafu kadhaa za dhahabu, si kwa ajili ya sokoni, bali kwa ajili ya kukumbuka watu na mambo makuu. Ukihesabu kila mwaka na kila umbo, zote ni 13. Za kwanza zilikuwa mbili za dola moja moja zenye tarehe ya 1903, kukumbuka miaka 100 tangu Marekani kuinunua nchi ya Louisiana kutoka kwa Wafaransa mwaka 1803. Moja ilikuwa na sura ya Thomas Jefferson, rais aliyeinunua nchi ile. Ya pili ilikuwa na sura ya William McKinley, rais aliyeuawa mwaka 1901. Mwaka 1904 na 1905 zikafuata sarafu za Lewis na Clark, wale wasafiri waliovuka bara lile hata wakafika bahari ya magharibi. Hizo zina kichwa cha mtu pande zote mbili, mmoja huku na mwenziwe kule. Mwaka 1915, mfereji wa Panama ulipokuwa umekwisha funguliwa, zilifuliwa nne pamoja, na kubwa kati yake zilikuwa za dola 50: moja ya mviringo na moja ya pembe nane. Zile za mviringo zilizouzwa ni 483 tu, na za pembe nane 645. Baadaye zikaja za ukumbusho wa McKinley mwaka 1916 na 1917, za Jenerali Grant mwaka 1922, na ya mwisho mwaka 1926, Marekani ilipotimiza miaka 150 ya uhuru.

Sarafu yangu ilikuwa ile ya McKinley ya mwaka 1903. Uzito wake ni chini kidogo ya gramu 1.7, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 900 ni dhahabu na 100 ni shaba, kwa maana dhahabu tupu ni laini mno. Upande mmoja una kichwa cha rais. Upande wa pili una maandishi, miaka 1803 na 1903, na tawi la mzeituni, ambalo kwa mataifa mengi ni alama ya amani. Zilipouzwa kwenye maonyesho, bei yake ilikuwa dola tatu kwa sarafu ya dola moja, na watu wengi walinung'unika. Ili kuwavuta wanunuzi, muuzaji aliwatengenezea mabizimu, pini na vijiko vya kushikizia sarafu hizo. Hata hivyo hazikuuzika sana. Ruhusa ilikuwa ya kufua 250,000. Zilizobaki mikononi mwa watu ni kama 17,500 za kila sura, na zaidi ya laki mbili zikarudishwa zikayeyushwa. Ndiyo sababu leo ni adimu. Ndiyo sababu pia nyingi kati ya zilizosalia zina kovu la lehemu kama ile yangu.

Nisije mkadhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Kenya ilifua sarafu tatu za dhahabu mwaka 1966, za shilingi 100, 250 na 500, kukumbuka kutimiza kwake Mzee Jomo Kenyatta umri wa miaka 75. Uganda ilifanya vivyo hivyo mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita alipoizuru nchi ile; sarafu yake kubwa ya dhahabu, ya shilingi 1,000, ina uzito wa zaidi ya gramu 138. Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma mwaka 1974, kuwakumbusha watu kuwahifadhi wanyama. Na kabla ya hizo zote, mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliozingirwa katika Tabora walifua kwa karakana ya reli sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Hiyo ya Tabora haikuwa ya ukumbusho. Ilikuwa ya shida, kwa sababu fedha zilikuwa haziwafikii tena kutoka kwao. Lakini leo yakusanywa kwa bidii na watu wa dunia nzima.

Sasa niwaambie juu ya kupambanua daraja, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Sarafu mbili za mwaka mmoja na za dhahabu sawa zaweza kuwa na bei mbali kabisa, kwa sababu moja imetunzwa na ya pili imechakaa. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitunga kipimo cha namba kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya sarafu kubwa za zamani za senti. Namba 1 ni sarafu iliyolika hata ikawa kazi kuitambua. Namba 70 ni ile isiyo na dosari yoyote. Baadaye kipimo hicho kilitumiwa kwa sarafu zote. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupata kutumika kamwe.

Mpimaji hutazama nini? Kwanza hutazama mahali palipoinuka, kama shavu la mtu na nywele zilizo juu ya sikio, kwa kuwa hapo ndipo panapolika mapema, kama vile goti la suruali linavyotangulia kuchakaa. Pili hutazama mng'ao. Sarafu mpya inapopigwa na muhuri wa chuma, madini hukimbia kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari myembamba isiyohesabika. Ukiigeuzageuza sarafu hiyo chini ya taa, nuru huzunguka juu yake kama vijiti vya gurudumu. Mng'ao huo hutoka kiwandani tu. Ukiisha kuondoka, hakuna sonara wa kuurudisha. Tatu hutazama mikwaruzo, na nne ukingo, kama una lehemu au tupa. Tena hutazama alama ndogo ndogo. Baadhi ya sarafu za Grant za 1922 zina nyota ndogo, na nyingine hazina. Na zile za Tabora zina pambo dogo chini ya maandishi, ambalo katika nyingine liko chini ya herufi T na katika nyingine chini ya herufi A. Mwenye haraka haoni hayo.

Lakini kitabu kilieleza pia habari ya huzuni. Namba 60 na 65 zinatofautiana kwa mambo madogo ambayo macho ya mtu asiyejifunza hayayaoni, ilhali bei zao zinatofautiana sana. Kwa hiyo wauzaji wengine walikuwa wakiita 65 walipouza na 60 walipokuwa wakinunua. Sarafu ile ile, siku ile ile, ikawa na daraja mbili kwa kutegemea ni mfuko wa nani unaofunguliwa. Watu walipochoka kudanganywa, mwaka 1986 kampuni ya PCGS, iliyoanzishwa na wauzaji kadhaa wa Marekani, ilianza kazi, na mwaka 1987 ikafuata NGC, ili sarafu ipimwe na watu wasioinunua wala kuiuza, kisha ifungwe katika kijisanduku cha plastiki pamoja na namba yake. Tazameni jinsi uwongo ulivyo na gharama: kwa sababu watu hawakuaminika, ilibidi kuwalipa watu wengine kwa ajili ya kusema kweli tu.

Kitabu kilikuwa na onyo lililorudiwa mara tatu: usiisafishe sarafu. Nililisoma, nikalielewa, nikadhani lawahusu wengine. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikijiandaa kwenda Lokiriama katika siku za ukumbusho wa mapatano, nilitamani kumwonyesha mama yangu sarafu yenye tawi la amani. Nikaitazama, nikaiona ina weusi kidogo pembeni mwa herufi. Nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa akisugua sufuria kwa jivu na mchanga hata zikametameta. Nikachukua jivu, nikachukua kitambaa, nikaisugua kwa upendo mkubwa.

Iling'aa! Mama aliishika mkononi akasema ni kama tone la jua. Nami nilifurahi kutwa nzima. Jioni, nilipoiweka chini ya taa na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, moyo wangu uliruka. Gurudumu la nuru lilikuwa limekufa. Mahali pake palikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopita shavuni mwa rais na juu ya majani ya mzeituni. Sarafu iliyohifadhiwa tangu 1904 na wanawake wa familia moja, ikavuka bahari bila kudhurika, niliishinda mimi kwa dakika tano za jivu. Wahenga walisema kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilikuwa nimekifanya kizuri kianze kujitembeza.

Miaka ikapita. Mwaka 2011 ukame mkali ulishika nchi za pembe ya Afrika, na Turkana ikapata sehemu yake ya msiba. Mifugo ya dada yangu ikafa karibu yote. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, na deni la karo yake lilikuwa limefika shilingi 36,000. Shule ikamrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwalimu mmoja na midomo ya jamaa wengi, basi nikafungua kitambaa nikaitoa ile dola.

Alikuwako mfanyabiashara mmoja apitaye Lodwar kila mwezi, ambaye alinunua vitu vya kale na kuvipeleka Nairobi. Aliipokea sarafu, akaigeuza mara mbili, macho yakamng'aa.

"Mwalimu, hii ni kama imefuliwa jana," alisema. "Mimi si bingwa wa sarafu, lakini wako watu ninaowajua. Nitakupa shilingi 50,000 kwa sharti moja. Wewe ni mwalimu, na neno lako lina uzito katika mji huu. Niandikie katika karatasi kwamba haikupata kulehemiwa wala kusafishwa, utie sahihi yako."

Akaiweka karatasi mezani, na kalamu juu yake.

Msomaji wangu, nakiri kwamba niliishika kalamu ile. Niliwaza juu ya yule binti aliyekaa nyumbani na vitabu vyake. Niliwaza kwamba alama ya lehemu ni ndogo kuliko punje ya wimbi, na mikwaruzo haionekani ila kwa kioo. Tena mtu huyu ni tajiri, naye atamwuzia tajiri mwingine mbali sana, ambaye sitamjua. Kila wazo lilikuwa na sura ya huruma. Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa Kakuma, aliyenionyesha kasoro ya kitu alichokuwa akinipa bure. Yeye hakuwa na faida ya kupata kwa kusema, wala hasara kwa kunyamaza, naye alisema. Nami nikitia sahihi, ushahidi wake utakuwa umefia mikononi mwangu.

Nikaiweka kalamu chini. "Bwana," nikamwambia, "tazama hapa ukingoni. Hii ni lehemu. Na mng'ao huu unaokupendeza ni wa jivu; mimi ndiye niliyeisugua."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka kwa mshangao. "Mwalimu, mbona wajiharibia biashara?" Akatafakari, akanihesabia shilingi 18,000, akaenda zake na sarafu. Sikuiona tena.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ya pili yake ulitokea msaada, kama itokeavyo katika hadithi. Haikuwa hivyo. Shilingi 18,000 zilikuwa nusu ya deni, na binti alikaa nyumbani muhula mzima hata tulipopata nusu ya pili. Nilipomweleza yaliyotokea alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Mjomba, si ulisema mikwaruzo ile haionekani kwa macho? Basi nani angeiona?"

"Mimi nimekwisha iona," nikamjibu.

Hakusema neno. Alichukua mtungi akaenda kuteka maji, nami nikabaki nikijiuliza kama nimemtendea haki. Swali hilo nililala nalo usiku mwingi. Msidhani kwamba kusema kweli hakuna maumivu, au kwamba maumivu yake humpata msemaji peke yake. Mara nyingine huyalipa mtoto asiye na kosa, na mwenye kusema kweli yampasa kuyajua hayo, asijisifu.

Lakini mwaka ule ule nilipokwenda Lokiriama nilipata jambo la kunituliza kidogo. Iko mithali ya Kiswahili isemayo kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Nikiwa mwana wa Lokiriama, nimeishi na mfano mwingine, ambamo ncha zilitiwa ardhini. Na zile silaha zilizozikwa mwaka 1973, ni nani awezaye kuzipima leo? Hakuna kioo cha kukuzia cha kuzitazama, wala kijisanduku chenye namba. Mkataba ule umekuwa ukisimama juu ya neno la watu waliokuwako, na la watoto wao walioambiwa. Pamekuwa na miaka mibaya ambapo mifugo iliibwa tena na watu wakafa. Na kila mara wazee walipoketi kutengeneza, jambo la kwanza lilikuwa kusema wazi nani amechukua nini, hata kama mwizi ni kijana wa upande wao wenyewe. Mzee afichaye kosa la upande wake huisugua amani kwa jivu. Yang'aa siku ile, lakini imekwaruzika, na siku ya haja atakayeitazama kwa karibu ataona.

Kama mwapenda kukusanya sarafu, msingoje dhahabu. Mwaka 2003 Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, kukumbuka miaka 40 ya uhuru, nayo ilipita sokoni mikononi mwa watu wote. Tafuteni moja. Ishikeni kwa ukingo, msiiguse usoni kwa vidole vyenye jasho; iwekeni katika karatasi kavu, na msiisugue kamwe. Kisha chukueni daftari, mwandike daraja yake kama mnavyoiona: shavu limelika au la, mng'ao upo au haupo, mikwaruzo ni mingapi. Andikeni kana kwamba ni mali ya adui yenu, kisha kana kwamba ni mali ya rafiki yenu. Maandiko mawili hayo yakitofautiana, kosa si la sarafu.

Mimi nilikuwa nazo mbili za namna hiyo. Moja ninayo hadi leo katika bahasha. Ya pili nilimpa mpwa wangu alipomaliza shule, naye aliipatia kazi ambayo mimi sikuifikiria. Katika vijito vikavu vya upande wetu wako wanawake wanaochimba na kupepeta mchanga kutafuta chembe za dhahabu, na wanunuzi huwajia na mizani zao. Akina mama walikuwa wakilalamika kwamba mizani nyingine hupunguza, lakini hawakuwa na kithibitisho. Mpwa wangu aliipima ile sarafu ya shilingi 40 katika maabara ya shule, akauandika uzito wake katika kijikaratasi. Sasa, mnunuzi akifika, kabla ya dhahabu kuwekwa juu ya mizani, yeye huiweka sarafu kwanza. Namba ikiwa sawa na ile ya kijikaratasi, biashara huendelea. Isipokuwa sawa, akina mama hufunga vitambaa vyao.

Juzi nilimwomba aniazime niitazame. Imekwaruzika vibaya kwa kutiwa na kutolewa mfukoni, na shavu la rais limeanza kulika. Kwa kipimo cha 70, daraja yake hushuka kila mwezi. Niliifuta vumbi kwa pumzi yangu tu, nikamrudishia.